Betri ipi ununue kwa gari ya saluni iliyozeeka: chaguo tano kwa madereva wa Unguja na Pemba

Nilipoinunua Toyota Mark II yangu, ya mwaka 2001, nilibadilisha betri mara mbili ndani ya miezi kumi na moja. Zote mbili zilikuwa mpya. Kila baada ya siku tatu nne, asubuhi napiga stata gari inanung'unika tu, taa za dashibodi zinafifia, saa ya redio inarudi mwanzo. Na otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, basi nabisha hodi kwa jirani nimuombe anibusti. Muuzaji wa betri ya pili aliniambia ninunue ya tatu, kubwa zaidi.

Aliyeniokoa ni fundi umeme mmoja mtu mzima, huko Mwera. Hakuifungua betri kabisa. Aliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia: "Mwanangu, piga stata." Mita ikaonyesha volti 1.1. Hapo haifai kuzidi 0.2. Waya wa athi unaoiunganisha injini na bodi ulikuwa umeliwa na kutu mpaka umebaki nyuzi chache. Umeme ulikuwa unakwenda, njia ya kurudi hakuna. Waya mpya ulinigharimu chini ya robo ya bei ya betri, na ile betri "mbovu" ikaendelea kufanya kazi.

Ndiyo maana siwezi kukupangia betri bila kukuomba kwanza uipime gari. Visiwa vyetu vina mambo mawili yanayozitesa gari hizi: joto na chumvi ya baharini. Joto huiua betri kwa ndani, maana kemikali zake hufanya kazi kwa kasi zaidi na mabamba ya risasi huchakaa mapema. Chumvi hula temino (vichwa vya betri vinavyofungwa waya), fyuzi na waya za athi. Dalili za yote mawili kwa dereva ni zile zile: gari haiwaki.

Pima kabla hujatoa pesa

Mita ya kawaida yenye waya mwekundu na mweusi inatosha. Gari ikishalala usiku kucha, pima betri kabla hujawasha kitu. Volti 12.6 imejaa. 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 nusu, na ikifika 12.0 hali ni mbaya. Kisha washa injini, taa na feni, upime tena. Altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, ikiwa nzima hutoa kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13.5 hata ukikanyaga mafuta kidogo, tazama mkanda, kaboni za altaneta na waya zake. Ikipita 15, regyuleta (kidhibiti cha chaji) imekufa na inaichemsha betri. Mara nyingi utasikia harufu ya yai viza. Ukinunua betri mpya katika hali hizo mbili, utairudia safari ya dukani.

Akitokea mtu akataka kuchomoa temino injini ikiwa inaunguruma, ati apime kama altaneta inachaji, mzuie. Njia hiyo ilikuwa ya gari za zamani zisizo na kompyuta. Kwenye gari zenye kompyuta, kama Mark X au Teana, umeme unaweza kuruka juu ghafla ukaunguza kompyuta ya injini, na kwa bei yake hununui betri moja tu, unanunua kadhaa.

Kipimo cha mwisho watu wengi hukiruka, nacho ndicho kinachowaumiza wanaoacha gari bandarini na kupanda boti. Gari iliyozimwa inatakiwa itumie umeme mdogo sana, usiozidi ampea 0.05. Gari iliyopita mikono mitatu minne huwa imefungwa alamu, redio nyingine, amplifaya, pengine na kifaa cha kuifuatilia, na kila fundi ameunga waya alikoona panamfaa. Nimeona gari inayokula ampea 0.3 ikiwa imefungwa na imetulia. Piga hesabu: 0.3 mara saa 24 ni ampea-saa 7.2 kwa siku. Siku tano ni 36. Betri yako ni ya 60. Ukirudi bandari ya Malindi kutoka Dar es Salaam baada ya wiki, gari haiwaki, na kosa si la betri. Fundi akipima, asubiri kama nusu saa baada ya kufunga milango ili kompyuta zilale, na mtu asipige stata mita ikiwa bado imeungwa katikati ya waya.

Gari ikifaulu vipimo hivi na betri bado haishiki chaji, sasa twende dukani.

Nafasi ya kwanza: betri kavu ya kawaida, saizi ya gari, iliyotoka kiwandani karibuni

Tunaiita kavu lakini asidi imo. Tofauti ni kwamba imezibwa na huiongezi maji. Mabamba yake huchanganywa na kalisi, kwa hiyo hupoteza maji kidogo hata kwenye joto la kaskazi, na ikikaa bila kutumika haiishiwi chaji haraka. Kwa mtu ambaye hufungua boneti siku ya sevisi tu, hii ndiyo yake. Sharti lake moja: inataka altaneta yenye nguvu. Ikiwa gari yako inachaji 14.2 na kuendelea, nunua bila wasiwasi. Ikiwa inachaji 13.8 na safari zako ni za Fuoni hadi Vuga kwenye foleni, feni na taa zikiwaka, haitajaa vizuri hata siku moja. Soma nafasi ya pili.

Jina la kampuni nalipa uzito mdogo kuliko tarehe. Betri ya jina kubwa iliyokaa mwaka na nusu kwenye ghala la bati ni mbaya kuliko ya jina dogo iliyotengenezwa miezi mitatu nyuma. Betri inapokaa bila kuchajiwa, chumvi ya risasi huganda kwenye mabamba, na ikishakuwa ngumu hairudi. Omba waoneshe tarehe, imegongwa au imebandikwa juu au ubavuni. Kama ni ya mafumbo, muuzaji akufumbulie. Kisha toa mita yako hapo hapo kaunta. Ikisoma 12.6, ichukue. Chini ya 12.4, iache, na usikubali maneno ya "itajaa ukiendesha". Altaneta imeumbwa kurudisha chaji iliyotoka asubuhi wakati wa kuwasha; kujaza betri tupu si kazi yake, na kwa altaneta ya miaka ishirini ni mateso.

Nafasi ya pili: betri ya maji

Kwa dereva anayefungua boneti kila wiki mbili, mimi ningeiweka ya kwanza. Wenye gari za abiria na wanaokaa mbali na mafundi, Makunduchi au Micheweni, wanaijua siri yake: inavumilia. Inapokea chaji ya 13.8 bila kinyongo, na regyuleta ikizidisha kidogo, unaona maji yanapungua, unaongeza, unapata onyo mapema. Ile iliyozibwa ingekufa kimya kimya. Halafu kwa haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) ya bei ndogo unaweza kupima seli zote sita moja moja. Tano zikisoma karibu 1.26 na moja ikasoma 1.15, umeshajua kabla ya kukwama njiani kwamba seli hiyo inakufa.

Maji yake ni ya dukani, yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanywa mvuke wake. Maji ya kisima cha Unguja yana chokaa, mengine yana chumvi, na yote mawili ni sumu kwa mabamba. Usiongeze asidi. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki.

Ubaya wake ni mvuke. Unatoka kwenye vifuniko na kuzila temino, na ukijumlisha na hewa ya bahari, ule unga mweupe na wa kijani unaota upesi. Maji ya moto na magadi kidogo huuondoa (vifuniko vikiwa vimefungwa vizuri), halafu kausha na upake grisi.

Nafasi ya tatu: zile zenye herufi EFB

Ni betri ya asidi iliyoimarishwa kwa gari zinazojizima zenyewe kwenye taa za barabarani na kuwaka tena. Kwa saluni ya zamani isiyo na mfumo huo, unalipia kazi ambayo gari haiifanyi. Haina madhara, na kama tofauti ya bei ni ndogo na hiyo ndiyo iliyo mpya zaidi dukani, chukua.

Nafasi ya nne: AGM

Asidi yake imefyonzwa kwenye pamba za kioo. Ni betri nzuri mahali pake, na ikiwa gari yako ilitoka nayo kiwandani, hasa ile ambayo betri imewekwa buti, rudisha ya aina ile ile. Lakini kuiweka pembeni ya injini ya moto katika Januari ya Zanzibar ni kuiua, kwa sababu AGM haipendi joto wala chaji iliyozidi, na maji yaliyotoka hayarudi. Bei yake ndiyo ya juu kuliko zote hapa. Muuzaji akikusukumia hii kwa Mark II, muulize gari yako inaihitaji kwa kitu gani.

Nafasi ya tano: betri ya mtumba au "iliyofufuliwa"

Najua hali za watu, na najua kuna mwezi pesa haitoshi. Hata hivyo naomba usinunue bila kuipima ikiwa na mzigo. Betri iliyochajiwa asubuhi husoma 12.6 hata kama imebaki ganda. Ifunge kwenye gari, washa taa kubwa dakika tano, kisha piga stata huku mtu anatazama mita. Ikianguka chini ya 9.6, iache hapo hapo. Zile zilizomwagwa asidi ya zamani zikatiwa mpya mimi sizigusi: mabamba ni yale yale yaliyochakaa.

Saizi na zile herufi zilizoandikwa juu

Gari zetu nyingi zimetoka Japani, kwa hiyo betri zake husomwa kwa mtindo wa huko, kwa mfano 55D23L au 46B24LS. Namba ya mwanzo ni nguvu yake. Herufi inayofuata inaeleza upana na urefu wa kwenda juu, na 23 ni urefu wa ubavu kwa sentimita. L au R ni upande wa temino, na hapa hakuna kubahatisha: ukichukua R pahala pa L, waya hazitafika, au mtu atazilazimisha kinyume na kuunguza fyuzi kubwa na dayodi za altaneta. S ya mwisho ina maana temino nene. Nimeona 46B24L, yenye temino nyembamba, imefungwa kwenye gari ya temino nene kwa kukunjiwa kipande cha bati. Gari ilipiga stata vizuri wiki mbili tu.

Kubwa kidogo kuliko ya asili haina neno, mradi ikae kwenye trei yake, ibanwe isitikisike, na boneti ikifungwa isiguse temino ya chanya. Ikigusa, ni moto.

Wauzaji wanapenda kuonesha namba ya CCA, yaani nguvu ya betri kuwasha gari kwenye baridi. Namba hiyo hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, nasi hata Julai kusi likivuma usiku hatulijui joto la hivyo. Kwetu tazama zaidi ampea-saa. CCA itumie kwa jambo moja: mashine ya dukani ikipima betri mpya na kutoa namba ndogo sana kuliko iliyoandikwa ubavuni, irudishe kwenye shelfu.

Siku ya kufunga

Fungua hasi kwanza, na irudishe mwisho. Temino zisafishwe mpaka zing'ae, na waya wa athi ukaguliwe hapo hapo hadi unakofungwa kwenye injini na kwenye bodi, ufunguliwe, upigwe msasa, upakwe grisi. Kama fundi ana haraka, msubiri mwingine. Injini inaweza kutotulia kwa muda ikiwa saileni (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), maana kompyuta imesahau mipangilio yake. Iendeshe kidogo, hutulia yenyewe. Risiti iandikwe tarehe na namba ya betri, la sivyo dhamana ni maneno tu.

Ya zamani mpe muuzaji, mara nyingi hukupunguzia bei kwa sababu ya risasi iliyomo. Usiimwage asidi yake uani. Sisi tunakaa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu, na maji tunayokunywa, ya visima na ya chemchemi, yako chini ya jiwe hilo hilo.

Betri yangu ya sasa ni kavu, saizi ya gari: duka la kwanza niliikataa moja kwa kusoma 12.3, na hii nikaipata duka la pili ikisoma 12.7. Tarehe niliiandika juu yake kwa rangi nyeupe. Imetimiza miaka mitatu na miezi minne, na asubuhi ya leo imesoma 12.5.