Gemu za upelelezi: ununue ipi kwanza?

Mtega kitendawili hatoi jibu mpaka apewe mji. Hivyo ndivyo ninavyopima gemu za upelelezi. Ile inayokutegea kisha ikanyamaza, nunua. Ile inayokuonyesha kila ushahidi ulipo imejijibu yenyewe. Hizi nimezicheza hapa Kisumu, mtaani Manyatta, kwenye laptopu ya mtumba, binamu yangu akiwa pembeni na daftari. Kwa hivyo nampangia mtu mwenye mashine ya kawaida na bando la kuhesabu.

Ya kwanza, wala sisiti, ni Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, iliyotoka 2018. Mwaka ni 1807. Wewe ni mkaguzi wa bima wa kampuni ya East India, na meli iliyopotea imerudi bila mtu aliye hai. Watu 60 walikuwemo. Una saa ya mfukoni: ukiielekeza kwenye maiti, unasikia sauti za dakika ya mwisho gizani, kisha unatembea ndani ya tukio lililoganda pale pale mtu alipokata roho. Kazi yako ni kujaza kitabu: huyu ni nani, amekufaje, nani kamuua. Hakuna anayekwambia. Unamjua mtu kwa lafudhi yake, kwa nguo, kwa nambari ya kitanda chake cha kamba. Tena majibu huthibitishwa matatu kwa mpigo, kwa hivyo kubahatisha kunakuchosha bure. Sisi tulikwama siku tatu kwa mabaharia wanaofanana, hadi binamu akasema tuangalie viatu. Nilimkumbatia! Nje ya msimu wa punguzo bei yake ni dola 19.99, na sijawahi kutumia pesa ya gemu vizuri zaidi.

Ya pili, The Case of the Golden Idol ya 2022, kazi ya ndugu wawili wa Latvia. Unapekua mifuko na barua za watu kwenye tukio la kifo, unaokota majina na vitenzi, kisha unajaza mapengo kwenye maelezo ya kilichotokea. Aliyefanya mtihani wa Kiswahili wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi Kenya, atajihisi nyumbani. Kesi zake zimekatwa vipande, kwa hivyo inamfaa mwenye saa moja tu jioni.

Her Story ya 2015 ni ya tatu, na inapatikana hata kwenye simu. Unatafuta maneno ndani ya video za mwanamke aliyehojiwa na polisi 1994, na kila utafutaji hukuonyesha video tano za kwanza tu. Kiingereza chako kiwe chepesi masikioni.

Disco Elysium ya 2019 naiweka ya nne, na inaniuma, maana kwa hadithi inazipita zote. Ina maneno zaidi ya milioni moja. Lakini mengi yanaamuliwa kwa dadu na vipawa vya mhusika, si kwa hoja zako wewe. Isitoshe inataka nafasi ya gigabaiti 20 hivi, na bei kamili ni dola 39.99. Ingoje punguzo.

L.A. Noire ya 2011 sikushauri uanze nayo. Ukikaribia ushahidi, muziki unalia kukujulisha. Ukiinunua, zima msaada huo kwanza.

Bei za Steam, duka la gemu la mtandaoni, kwetu ni za dola, lakini kadi ya M-Pesa GlobalPay inalipa. Mapunguzo makubwa huja mwishoni mwa Juni na Desemba. Ukijuta, omba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, kabla hujafikisha saa mbili za kucheza. Gemu hizi ni za pole pole na saa mbili huisha bado unasoma barua ya kwanza, kwa hivyo siku ya kwanza angalia tu kama laptopu inaivuta bila kukwama.