Hard Off ya Japani: sifa zangu ni kwa masanduku ya bluu

Ukisema unakusanya gemu za zamani na unakwenda Japani, kila mtu atakuelekeza Akihabara, mtaa wa Tokyo wenye maduka ya gemu na elektroniki. Nenda, hakuna ubaya. Pale kwenye duka la Super Potato utakuta rafu zimejaa mashine za gemu za zamani, Famicom, Super Famicom na Mega Drive, kaseti zimepangwa vizuri na kila moja imebandikwa bei inayoendana na umaarufu wake. Kama unajua jina la gemu unayoitaka na mfuko unaruhusu, utatoka nayo. Lakini mimi naishi Saitama, na wikiendi yangu ikiwa huru naelekea Hard Off, kwenye sehemu wanayoiita janku, yaani vitu vibovu au visivyojaribiwa vinavyouzwa kama vilivyo.

Hard Off ni mtandao wa maduka ya vitu vilivyotumika. Kampuni ilianza mwaka 1972 mjini Shibata, mkoa wa Niigata, ikiuza vyombo vya muziki wa nyumbani, na duka la kwanza lenye jina la Hard Off likafunguliwa Niigata mwaka 1993. Asili hiyo bado inaonekana: ukiingia unakutana kwanza na amplifaya, spika na magitaa. Gemu zenye bei ya maana zipo kwenye kabati la vioo. Zipite. Endelea mpaka nyuma, ambako kuna masanduku ya plastiki ya bluu chini ya rafu, mengine sakafuni kabisa, yamejazwa nyaya, adapta, pedi za kuchezea gemu, kaseti na simu za mezani. Ni kama belo la mitumba pale Karume: daraja la kwanza na matambara yamefungwa pamoja, na anayeinama ndiye anayepata.

Kila kitu kina stika ya bei, na nyingine zina maelezo mafupi: umeme hauingii, haijajaribiwa, kifuniko cha betri hakipo. Kaseti za kawaida za Famicom nimezikuta kwa yeni 110 hadi 330. Dhamana hakuna, na kurudisha hakuna. Wanakwambia wazi kabla hujalipa, kwa hiyo sina lawama. Matawi mengi yana meza yenye soketi ya umeme, na baadhi yana runinga, ujaribu mwenyewe kabla ya kwenda kaunta. Wafanyakazi hawakusumbui hata ukikaa umechuchumaa saa nzima.

Sasa kwa nini nayasifia masanduku yenye uchafu kuliko kabati safi? Kwa sababu kitu kinachouzwa bila kuguswa kinabaki na mambo ya mmiliki wake wa kwanza.

Mfano mkubwa nilionao ni Pocket Camera, ile kaseti ya Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi, yenye kamera juu, iliyotoka Japani Februari 1998. Jicho lake linageuka, unaweza kumpiga aliye mbele yako au ukajipiga mwenyewe. Picha ni ndogo mno, nukta 128 kwa 112, rangi nne tu kutoka nyeusi hadi nyeupe, na kaseti inabeba picha 30 zinazolindwa na betri ya saa iliyo ndani. Niliikuta chini ya rundo la adapta, yeni 1,100, stika inasema haijajaribiwa. Nyumbani nikaichomeka kwenye Game Boy na kufungua albamu. Ilikuwa imejaa. Mbwa amelala kwenye zulia. Bibi amekaa sakafuni mbele ya meza fupi, anamenya kitu, hajui kama anapigwa picha. Uso wa mtoto uliosogezwa karibu mpaka pua imeziba nusu ya skrini. Kisha bibi yuleyule tena, safari hii anatazama kamera, na mtu amemchorea masharubu ya paka kwa kalamu iliyomo ndani ya programu yenyewe.

Nilikaa na hizo picha muda mrefu. Betri ikiisha zinafutika zote, na ukibadilisha betri bila maandalizi zinafutika vilevile, kwa hiyo kwanza nilizipiga picha kwa simu moja moja kutoka kwenye skrini. Sijaziweka mtandaoni na sitaziweka. Ni familia ya watu. Lakini nafurahi sana kwamba hakuna fundi aliyeifuta kaseti ile ili aiuze kama mpya.

Kuna na kaseti za Super Famicom za Nintendo Power, huduma ya kuandikiwa gemu dukani. Kuanzia mwaka 1997 mteja alinunua kaseti tupu yenye memori ya flashi, akaipeleka duka la Lawson, na mashine ikamwandikia gemu aliyoilipia. Huduma ilifungwa mwaka 2007. Kwa nje kaseti hizi zinafanana, na ya kwangu haina stika inayotaja kilichomo, kwa hiyo mpaka uiwashe hujui umenunua nini. Diski za Famicom Disk System, mashine ya diski ya kuunganisha na Famicom iliyotoka mwaka 1986, ni hivyohivyo: mtu aliandikiwa gemu mpya juu ya ya zamani kwa yeni 500, ndiyo maana lebo inaweza kusema hili na ndani mkawa na lile. Tahadhari moja, mkanda wa mpira ndani ya mashine ya diski hulainika na kunata kwa umri, kwa hiyo panga bei ya mkanda mpya kabla hujashangilia.

Na majina! Watoto wa Kijapani wa miaka ya 80 waliandika majina yao kwa maka peni mgongoni mwa kaseti, kwa sababu ziliazimishwa shuleni na mitaani. Wafanyabiashara wengi huona hiyo ni kasoro inayoshusha bei. Mimi hizo ndizo nazitoa kwanza. Dragon Quest III yangu, gemu ya mwaka 1988, ina jina la mtoto mgongoni, na nilipoiwasha shujaa aliyehifadhiwa ndani alikuwa na jina lilelile. Japani kuna mtu anayekusanya kaseti zenye majina hasa ili wenyewe wakijitokeza awarudishie. Nampa heshima zote.

Upande wa udhaifu. Matawi mengi yapo pembezoni mwa miji, kando ya barabara kubwa, yamejengewa wenye magari. Kwa basi utachoka. Maelezo ni ya Kijapani tu. Sehemu za betri kwenye Game Boy za janku mara nyingi zimeliwa na betri zilizovuja, kwa hiyo fungua kifuniko utazame zile chuma. Ukungu wa kijani kidogo unasafishika kwa siki, lakini chuma kilichokatika kirudishe sandukuni. Meno ya kaseti, vile vipande vya shaba vinavyoingia kwenye mashine, yasafishe kwa kijiti cha pamba na spiriti. Kupuliza tulivyozoea utotoni kunapeleka mate kwenye shaba.

Kwa wanaotaka niwanunulie na kuwatumia nyumbani Tanzania, nisikilizeni vizuri. Umeme wa Japani ni volti 100 na wa Tanzania ni 230. Adapta ya Famicom ukiichomeka ukutani Dar bila transfoma ya kushusha, imekufa. Famicom ya kwanza pia haina waya wa AV, ule wa kupeleka picha na sauti moja kwa moja kwenye runinga, inatoa picha kwa njia ya antena, chaneli ya 1 au ya 2 za Kijapani, na runinga nyingi za huku kwetu haziikamati. Kaseti zake, hata hivyo, ni habari nyingine. Zile mashine za Kichina tulizokua nazo, zenye kaseti za njano zilizoandikwa 9999 in 1, zilinakili Famicom mpaka idadi ya meno, 60. Nilimpelekea kaka yangu Mbagala kaseti halisi ya yeni 110, akaichomeka kwenye mashine yetu ya zamani, ikawaka papo hapo.

Kilicho salama kabisa kutuma ni Game Boy ile ya kwanza: betri nne za AA, haichagui nchi, gemu ya Japani inacheza kwenye mashine ya Ulaya na kinyume chake. Ukinitumia oda, nitaanzia sandukuni. Na kaseti ikiwa na mchezo wa mtu uliohifadhiwa ndani, nitakuuliza kabla ya kubadilisha betri.