Vinoo vya asili vya wembe wa kukunja: ununue kipi kwanza?

Wengi wanaotafuta kinoo cha asili cha wembe wa kukunja huuliza jiwe lipi lina punje ndogo kuliko yote. Swali hilo haliwasaidii sana. Karibu mawe yote nitakayoyataja hapa yanaweza kuupa wembe makali ya kunyoa shavu bila kuuma, mradi anayeyatumia ameyazoea. Tofauti kubwa iko mkononi. Kuna jiwe ambalo utahisi wazi wembe unavyobadilika juu yake, na kuna jiwe ambalo utateleza nalo nusu saa usijue umefika wapi mpaka upake povu na kujaribu usoni. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, hisia hiyo ina thamani kuliko namba yoyote, na ndiyo niliyoitumia kupanga mawe haya. Bei na upatikanaji vimefuata.

Kwanza tuelewane: kinoo cha asili ni cha kumalizia. Wembe butu au wenye mapengo uanzie kwenye jiwe la kiwandani la namba 1000, kisha upande hadi 4000 au 5000 (namba ikipanda, punje huwa ndogo zaidi). Jiwe la pande mbili linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni la visu na mapanga, usiliguse na wembe. Wembe wa kukunja hunolewa ukiwa umelazwa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe, kwa hiyo pembe imekwishaamuliwa na unene wa mgongo. Kilichobaki kwako ni uzito wa mkono. Kama pande mbili za makali hazijakutana sawasawa kwenye 1000, hakuna jiwe la Ubelgiji wala la Japani litakalokuokoa. Na ukiona muuzaji ameandika 12000 juu ya jiwe lililochimbwa mlimani, ujue hayo ni makisio ya kulilinganisha na mawe ya kiwandani.

Sasa, mkono unahisi nini? Mwanzoni kuna mkwaruzo mdogo na sauti kavu kidogo, kwa sababu mistari iliyoachwa na jiwe lililotangulia bado ipo. Mistari inavyofutika, mkwaruzo hupungua na sauti hushuka. Baadaye, kwenye mawe magumu, huja mnato: chuma na jiwe vimekuwa bapa kiasi kwamba utando wa maji ulio kati yake unauvuta wembe chini, na unahisi umeshikwa. Tazama na maji pia. Pale makali yanapogusa jiwe vizuri, maji yanayosukumwa mbele hupanda juu ya wembe. Pasipogusa, maji hupita chini. Hisia moja ni mbaya siku zote, nayo ni mchomo mkali unaojirudia mahali palepale. Hapo kuna punje ngumu au ufa. Inua wembe mara moja.

1. Coticule ya Ubelgiji

Hili ndilo ningemshauri mtu anunue kwanza, na sisiti. Ni jiwe la manjano hafifu linalotoka milima ya Ardennes, maeneo ya Vielsalm na bonde la Lienne. Ndani yake kuna vito vidogo sana vya garneti, vyenye upana wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, vilivyolala ndani ya madini laini zaidi. Garneti hizo zina nyuso nyingi na umbo linalokaribia duara, kwa hiyo hukwangua chuma bila kuchimba mifereji ya kina. Wengi wanaonyoa kwa makali ya coticule husema ni mapole kwenye ngozi, nami nakubaliana nao kabisa.

Uzuri wake kwa mwanafunzi ni kwamba jiwe hili moja lina kasi mbili. Ukisugua juu yake kipande kidogo cha jiwe lilelile pamoja na maji, linatoa tope jepesi linalofanana na maziwa yaliyozimuliwa. Kwenye tope hilo wembe unakatwa haraka, na mkononi unasikia msuguano laini ulio hai, si utelezi mtupu. Baada ya mipigo michache tope linaanza kuwa la kijivu: hicho ni chuma kinachotoka. Kisha unaongeza matone ya maji kidogo kidogo, tope linazimuka, kasi inapungua, mpaka unamalizia kwenye maji matupu. Kila hatua ina hisia yake. Ukiongeza maji mapema mno, wembe unaanza kuteleza bila kufanya kazi, na mkono unatambua. Ukichelewa, tope zito linayagonga makali yenyewe na kuyaacha butu kidogo, hata kama uso wa chuma unang'aa.

Coticule hazifanani. Zipo ngumu ambazo kwenye maji matupu karibu hazitoi kitu, na zipo laini zinazojitolea tope zenyewe hata usipotaka. Hizo laini hukata kwa kasi ya kupendeza, lakini humtesa mtu kwenye kumalizia, maana hatua ya maji matupu haifiki. Muulize muuzaji moja kwa moja: je, jiwe hili likitumiwa na maji peke yake, maji yanabaki safi? Kama hajui, mwombe ajaribu.

Kuhusu ukubwa, milimita 150 kwa 40 zinatosha. Makali ya wembe wa kawaida yana urefu wa takriban milimita 70, kwa hiyo kwenye jiwe jembamba utauvuta wembe kwa mshazari ili makali yote yapite, kutoka kisigino (mwisho ulio karibu na mpini) hadi ncha. Upana wa milimita 50 au 60 unarahisisha, ila bei inapanda upesi. Kuna vipande visivyo na umbo la mstatili, mabaki ya ukataji, ambavyo huuzwa kwa bei nafuu zaidi kwa eneo lilelile. Vinanoa vilevile. Tabaka la manjano huwa jembamba na hubandikwa juu ya sleti, yaani jiwe la matabaka, ili lisivunjike. Wala hiyo si kasoro. Rangi, mistari myeusi na madoa mekundu ni urembo tu, isipokuwa mstari unaokwama kwenye ukucha ukiupitisha juu yake.

Jiwe la buluu linalochimbwa pamoja nalo lina garneti chache zaidi. Ni la bei ya chini na tope lake huelekea zambarau. Linafaa kama hatua kabla ya lile la manjano, lakini kwa kumalizia lenyewe linataka subira.

2. Thuringia

Kwa hisia peke yake, jiwe hili ningeliweka juu ya orodha. Ni sleti laini ya Ujerumani, kutoka eneo la Steinach na Sonneberg, iliyouzwa kwa vinyozi wa dunia nzima katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Jina maarufu kwenye lebo zake ni J. G. Escher & Sohn. Wembe juu yake hupita kimya, kwa ulaini usio na utelezi wa kioo: unahisi umeguswa kote, tangu kisigino hadi ncha, na mwishoni mvuto unakuja polepole na kwa usawa. Tope lake halina ukali, hivyo hata mkono usio na uzoefu huvuna makali mazuri.

Kwa nini basi la pili? Machimbo hayo ya zamani hayafanyi kazi tena. Unachopata ni mawe yaliyokwishatumika, mara nyingi membamba na yamebonyea katikati. Yenye lebo ya karatasi, hasa mawe ya rangi ya kijani-manjano, huuzwa kwa bei ya wakusanyaji. Usilipie lebo. Jiwe la kijivu-buluu lisilo na lebo, kutoka mahali palepale, laweza kukupa makali yaleyale. Ila bila lebo ni rahisi pia kuuziwa sleti ya kawaida, kwa hiyo nunua kwa mtu anayekubali kulirudisha.

3. Mawe ya Kyoto

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi, na ndipo pia penye mawe ya ajabu kuliko yote. Milima iliyo magharibi ya Kyoto, Japani, ilitoa mawe ya kumalizia kwa karne nyingi, na majina ya machimbo kama Nakayama, Narutaki, Ozuku na Shoubudani bado hupandisha bei. Mengi ya machimbo hayo yamefungwa. Mawe yenyewe ni matope ya sakafu ya bahari ya kale yaliyogandamana kwa matabaka, ndiyo maana pande zake hupakwa lakeri, aina ya vanishi: maji yakiingia kati ya matabaka, jiwe laweza kupasuka.

Kwa wembe hutakiwa jiwe gumu sana. Juu yake unasugua kijiwe kidogo kutoa tope, na Wajapani wana vijiwe maalumu vya eneo la Mikawa vilivyopangwa kwa madaraja: botan, tenjo, mejiro, kisha koma. Ukianza, wembe unaelea kwenye tope. Unavyoendelea, tope linasagika na kukauka kidogo, na mvuto unaanza, wenye nguvu kuliko kwenye jiwe lolote jingine, hadi wembe unataka kusimama. Anayeijua hisia hiyo hupata makali makali kweli. Asiyeijua hubonyeza zaidi ili wembe upite, na hapo anaharibu alichokuwa amekipata.

Shida nyingine ni kwamba kila jiwe ni tabia yake. Mawili kutoka chimbo moja yanaweza kutofautiana sana, na mihuri ya wino ubavuni hughushiwa. Usinunue kwa muhuri wala kwa madoa mazuri ya waridi. Nunua kwa muuzaji aliyelijaribu jiwe hilohilo kwa wembe, si kwa kisu cha jikoni, akakueleza ugumu wake.

4. Arkansas

Ni novakulaiti, aina ya mwamba mgumu, ya milima ya Ouachita nchini Marekani, karibu yote ni silika, na watu wa asili wa huko walikuwa wakichonga zana kwa jiwe hilo maelfu ya miaka kabla ya wembe wa chuma kufika. Ambalo wembe unalihitaji ni lile jeusi au lile linalopitisha mwanga, kwa mafuta mepesi ya madini au maji yenye sabuni. Halitoi tope, halibonyei, linadumu maisha yako yote na bado linachimbwa. Ni ununuzi salama.

Lakini ni jiwe kimya. Kwa muda mrefu utahisi utelezi tu, na huenda ukahitaji mipigo mia moja au zaidi kabla ya mshiko mwepesi wa mwisho kutokea. Kazi yake inategemea uso ulivyoandaliwa: upande uliosuguliwa karibuni unakata, upande uliozeeka unang'arisha. Lisugue upande mmoja kwa msasa wa maji namba 220, na ule wa pili uendelee hadi 600 kisha uuache ulainike kwa matumizi. Ukishazoea coticule, utalielewa. Kama jiwe la kwanza, hapana.

5. Guangxi na mengineyo

Jiwe la kijivu la Guangxi, China, ni la bei ndogo, kubwa, gumu na la polepole. Hisia yake ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo ndilo tatizo lake. Mwenye bajeti finyu alichukue, atoe tope kwa bamba la almasi, na avumilie. Afrika Kusini kuna jiwe la kijivu linalouzwa kwa jina la Zulu Grey, nalo ni gumu na la taratibu. Charnley Forest la Uingereza, lenye kijani na madoa mekundu, hupatikana kwa wanaouza vitu vya babu zao, na likiwa zuri ni zuri sana, kwa mafuta.

Lolote utakaloagiza, likifika lisawazishe kabla ya kugusa wembe. Chora mistari ya penseli juu yake, weka msasa wa maji namba 400 juu ya kipande cha kioo kinene, mimina maji, sugua hadi mistari yote ifutike. Kisha lainisha kingo zote nne, maana ukingo mkali wa jiwe ukikutana na makali ya wembe utakurudisha kwenye 1000. Na kwenye oda ya coticule omba kijiwe cha kutolea tope kiwekwe kwenye kifurushi hichohicho, maana gharama ya kukisafirisha peke yake baadaye yaweza kuzidi bei yake.