TAHADHARI: Risasi za 45 Colt za "baruti nyeusi" kwenye maboksi ya kijivu, msizipige

Ndugu zangu mlioko Texas na majimbo ya jirani, hasa nyinyi mnaopiga bastola za kale za silinda: kama mmenunua risasi za 45 Colt (zile za bastola ya Colt ya 1873) kwenye maboksi ya kijivu yasiyo na chapa, yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu "baruti nyeusi, greni 35" (greni ni kipimo kidogo cha uzito, 35 ni kama gramu 2.3), msizitie kwenye bastola. Ziwekeni kando leo hii. Nimezifungua mwenyewe, na kilichomo ndani sicho kilichoandikwa nje.

Nilinunua maboksi manne mwezi uliopita kwenye maonyesho ya bunduki, dola 60 kila boksi la risasi 50. Muuzaji ana maneno matamu. Aliposikia lafudhi yangu akaniambia ana wateja wengi kutoka Afrika Mashariki, akanisifu kwa kupenda silaha za enzi ya 1873, akaniomba nimtumie hela kwa simu na kuandika ni zawadi kwa rafiki. Nikaandika hivyo. Sasa hela ile hairudi, maana zawadi hairejeshwi.

Uwanjani nilianza na bastola yangu mpya, nakala ya Colt iliyotengenezwa Italia. Namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu ile ya zamani nayo ilikuwa kwenye begi.

Mliokwisha kupiga baruti nyeusi mnazijua ishara zake. Bastola inakusukuma kiganja taratibu, mlio ni mzito kama wa ngoma kubwa, na mbele yako linatanda wingu jeupe mpaka shabaha huioni. Harufu yake ni ya kiberiti, kama yai viza. Risasi ya kwanza ilitoa moshi huo, ila sauti ilikuwa nyonge. Ya pili nyonge zaidi. Ya tatu ikalia "paa!", kavu na kali, moshi kiduchu, kiganja kikaniuma mpaka kwenye kifundo. Sikuikoki tena. Nilipofungua kilango cha silinda, maganda mawili yalidondoka yenyewe yakiwa yamejaa masizi. La tatu lilikwama. Nilipolisukuma likatoka safi, linang'aa, na fataki yake (kile kiwashio kinachogongwa na nyundo) kwenye kitako imelala bapa kama sarafu. Hiyo ni dalili ya mgandamizo mkubwa kuliko inavyotakiwa.

Nyumbani nikang'oa vichwa vya risasi 20, nikamimina baruti ya kila moja kwenye karatasi nyeupe na kuipima kwa mizani. Kumi na mbili zilikuwa na baruti nyeusi ya kweli, lakini greni 20 hadi 24 tu, wala si 35. Tatu zilikuwa na mchanganyiko: chembe nyeusi zenye pembepembe, na katikati yake visahani vidogo vya kijani kibichi. Tano zilizobaki zilikuwa na visahani vitupu, yaani baruti isiyo na moshi, ile ya kisasa yenye nguvu kuliko nyeusi. Moja ilikuwa na greni 6, nyingine 11, boksi hilohilo, mwandiko uleule.

Naomba wageni wa mchezo huu wanisikilize hapa. Baruti nyeusi ni makaa, kiberiti na shura, na risasi ya 45 Colt ilibuniwa kwa ajili yake: kipimo cha zamani kilikuwa greni 40, kama gramu 2.6. Maganda ya siku hizi yana kitako kinene, ndiyo maana wengi tunaishia kwenye 35 hivi. Ganda hujaa, kichwa cha risasi kinaikandamiza baruti, hakibaki hata upenyo wa hewa. Marehemu babu yangu alikuwa na gobore, na sisi wajukuu tulikuwa tukimtazama akishindilia. Alimimina baruti, akatia tambara, akapiga mdeki mpaka mdeki wenyewe unaruka juu. Hakukubali kufyatua kabla ya hapo. Alikuwa anaogopa pengo la hewa, kwa kuwa pengo kati ya baruti na risasi linaweza kufutua mtutu. Huyu muuzaji ameacha mapengo kwenye risasi kumi na mbili kati ya ishirini.

Ile isiyo na moshi ni balaa lingine. Ina aina nyingi, na kipimo salama cha aina moja kinaweza kupasua silinda kikiwa cha aina nyingine. Baruti nyeusi huwezi kuitia mara mbili kwenye ganda kwa bahati mbaya, itamwagika. Hii ya visahani unaweza, na nafasi ikabaki. Na wengi wetu tunatafuta baruti nyeusi kwa sababu bastola zetu ni za kabla ya 1900, na chuma cha wakati ule hakihimili mgandamizo wa ile isiyo na moshi. Kampuni ya Colt yenyewe haikudhamini bastola zake kwa baruti isiyo na moshi mpaka karibu mwaka huo. Kama fremu yako ina skrubu inayoingilia mbele kushikilia pini ya silinda, badala ya kitufe cha kubonyeza ubavuni, wewe ndiye ninayekuandikia.

Nilimpigia muuzaji simu. Kwanza akasema bastola yangu mbovu. Nikamtumia picha za karatasi na mizani. Akasema eti risasi zake ni "za kisasa, hazihitaji kuosha bastola". Jamani, baruti nyeusi isiyohitaji kuoshwa haipo. Masizi yake hunyonya unyevu na kula chuma. Usipoosha kwa maji ya moto na sabuni siku hiyohiyo, kesho unakuta kutu. Nikamuuliza leseni yake, kwa sababu hapa Marekani anayetengeneza risasi za kuuza lazima awe na leseni ya serikali kuu. Akakata simu na kuniblock.

Ukiwa nazo na unataka kuhakikisha, mpe fundi bunduki mwenye vifaa azifungue, usijaribu kwa koleo. Chembe chache kwenye glasi ya maji zitakuonyesha: baruti nyeusi hulainika na kuwa tope jeusi, visahani vinabaki vilevile hata kesho yake. Tazama pia mafuta kwenye mifereji ya kichwa cha risasi. Zake zina nta ngumu ya buluu, wakati baruti nyeusi inataka mafuta laini, kama nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe, la sivyo silinda inaanza kugoma kuzunguka baada ya raundi chache. Usitegemee uzito wa risasi nzima. Nilipima, tofauti ya maganda na vichwa inaficha kila kitu.

Na wewe uliyeniuliza kama unaweza kumpelekea mjomba nyumbani baruti ya humo kwa ajili ya gobore, ukaichanganya na mizigo ya kontena: usithubutu. Ni kosa la jinai kule na huku, na mjomba akishindilia vile visahani hatabaki na mkono.

Kuna jambo moja linaninyima usingizi. Nyuma yangu siku ile alisimama kaka mmoja, mrefu, amevaa fulana nyekundu ya Simba. Tulisalimiana kwa Kiswahili, akanunua maboksi mawili baada ya kuniona mimi nanunua. Aliniambia ni za Colt ya zamani aliyoachiwa na baba mkwe wake, na kwamba anasubiri Thanksgiving, ile sikukuu ya Marekani ya Novemba, aipige pamoja na wanawe. Sikuchukua namba yake. Anayemfahamu amfikishie ujumbe huu kabla ya sikukuu.