Uzoefu wangu na 4711: odikoloni inayoondoka mapema, na watu inaowafaa

Lawama kubwa inayotupiwa 4711 ni moja: haikai. Ni kweli. Kwenye ngozi yangu inanukia waziwazi kwa nusu saa, ikitimia saa nzima imeshafifia, na baada ya saa mbili mtu aliyeketi karibu nami hawezi kujua kama nilijipaka chochote. Pamoja na hayo naisifu bila kusita, kwa sababu odikoloni, yaani manukato mepesi ya malimau na spiriti, haikutengenezwa ili ikae kutwa. Kazi yake ni kupakwa kwa wingi, kuburudisha, kuondoka, kisha kupakwa tena. Anayelijua hilo huitumia kwa raha. Anayeipuliza mara mbili shingoni asubuhi na kuitegemea hadi jioni lazima aone amepoteza fedha zake.

Kwa asiyeijua, 4711 inatoka mji wa Cologne, Ujerumani, mtaa wa Glockengasse, na historia yake huhesabiwa tangu 1792 kwa Wilhelm Mülhens. Namba hiyo ni ya nyumba, kutoka enzi ambayo Wafaransa waliukalia mji huo mwishoni mwa karne ya 18 na majengo yakapewa namba. Haikuwa ya kwanza, maana Farina, familia ya Waitaliano, ilikwisha kuanzisha biashara yake humohumo mjini mwaka 1709. Wakati huo maji haya yaliuzwa pia kama dawa; watu waliyanywa na kujichua nayo. Mwaka 1810 Napoleon alitoa amri kuhusu dawa zenye viungo vya siri, na watengenezaji wakaona afadhali wayauze kama manukato kuliko kutoa siri zao. Asili hiyo ya dawa bado inasikika puani: chini ya malimau kuna rozimari na lavenda, mimea yenye harufu ya dawa, na ndiyo sababu wengine huinusa mara ya kwanza wakakumbuka kitu cha kuchulia misuli.

Namna nzuri ya kuijaribu ni kuimimina kidogo kiganjani na kutoinusa papo hapo. Sekunde 20 au 30 za mwanzo ni spiriti tupu, na ndizo zinazowakimbiza wengi wakiwa bado wako dukani. Spiriti ikisharuka huingia limau na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa. Limau ni kali na la moja kwa moja. Bergamoti ina uchungu kidogo na ukijani, na mafuta yake hukamuliwa kwenye ganda bila kupashwa moto. Sehemu kubwa ya bergamoti ya dunia hulimwa Calabria, kusini mwa Italia.

Kama dakika 5 hivi baadaye limau linarudi nyuma na mdanzi, yaani mchungwa mchungu, unashika usukani. Hapa ndipo pa kuipimia odikoloni yoyote. Mti mmoja wa mdanzi hutoa mafuta matatu yasiyofanana: ganda la danzi lina mafuta yake, maua yakikenekwa kwa mvuke hutoa neroli, na majani pamoja na vijiti hutoa petigreni, yenye uchungu wa tawi lililovunjwa likiwa bichi. Neroli ni ghali sana kwa sababu kilo moja huhitaji takriban tani moja ya maua, kwa hiyo odikoloni za bei ya chini huegemea petigreni na neroli iliyoundwa maabara. Ndani ya 4711 neroli inanukia kama shuka lililotoka kufuliwa na kuanikwa, na petigreni inauzuia utamu usizidi. Ukiinusa vizuri wakati huu utasikia lavenda ikipita, halafu rozimari, halafu neroli tena. Mchezo huo unadumu kama robo saa, na ndio ninaoulipia. Kinachofuata ni miski hafifu ambayo hukaa zaidi kwenye kola ya shati kuliko kwenye ngozi.

Sababu ya kuisha haraka iko kwenye kemia, wala si ubahili wa mtengenezaji. Kwanza, odikoloni huwa na asilimia 2 hadi 5 hivi ya mafuta yenye harufu. Yaliyobaki ni spiriti na maji. Pili, mafuta ya maganda ya jamii ya machungwa kwa sehemu kubwa ni limonini, molekuli ndogo yenye uzito wa 136. Santaloli, inayoupa msandali harufu yake, ina 220. Kidogo hupeperuka, kizito hung'ang'ania. Anayetaka harufu halisi ya limau idumu saa 8 anataka jambo ambalo limau lenyewe haliwezi, na odikoloni zinazodumu hivyo huwa zimeongezewa mbao, ambari au miski nyingi, hadi mwishowe unanukia mbao.

Kwa hiyo ipake inavyostahili. Mililita 2 au 3, yaani karibu nusu kijiko cha chai, zimwage kiganjani, zikusanye kwa viganja viwili, kisha jipake kisogoni, kifuani, na mikononi kuanzia kiwiko kushuka chini. Ngozi kavu huifukuza haraka zaidi, hivyo tangulia kupaka losheni isiyo na harufu au mafuta ya mgando kidogo sana, subiri yanywewe, ndipo uimimine. Kusugua viganja vya mikono hakuiharibu harufu kama inavyosemwa, ila joto la kusugua huharakisha limau kuruka, na limau ndilo haba. Kitambaa cha pamba cha mfukoni kilichodondoshewa matone 10 hivi kitanukia muda mrefu kuliko mkono wako. Mimi naona hiyo ndiyo njia bora kabisa kwa mtu anayekaa kwenye chumba kimoja na wenzake, kwa sababu unakitoa unapotaka na kukirudisha. Usiimwagie hariri. Na usijipake mara tu baada ya kunyoa ikiwa wembe umekukata: spiriti itachoma, na ngozi iliyokwaruzwa hupata muwasho kwa wepesi.

Jua nalo lina neno lake. Mafuta ya bergamoti yasiyosafishwa yana bergapteni, ambayo ikipigwa na jua ikiwa juu ya ngozi huacha mabaka ya kahawia, mara nyingine yenye umbo la michirizi ya matone yalipotelemka shingoni. Watengenezaji wa leo hutumia bergamoti iliyoondolewa bergapteni au huweka kiasi kidogo kinachoruhusiwa. Hatari imebaki kwenye chupa za miaka mingi zinazouzwa mkono kwa mkono na michanganyiko ya nyumbani ambayo mtu ameidondoshea mafuta ya bergamoti kwa kukisia. Hizo zipake kwenye nguo au sehemu zisizoona jua.

Kuhifadhi ndiko wengi wanakokosea, hasa wanaonunua chupa kubwa. 4711 huuzwa hadi mililita 800, na chupa ya kumimina ikishafika nusu, nusu ya pili ni hewa. Oksijeni ikikutana na limonini, limau linageuka kuwa na ukali wa tapentaini, na limonini iliyooksidika inaweza kuanzisha mzio wa ngozi hata kwa mtu ambaye hakuwa nao. Dalili ya kwanza ni mwanzo wa harufu: ule mng'ao haupo, kunakuja ukali mkavu kama wa polishi, ingawa neroli ya chini bado inaonekana nzima. Dawa ni rahisi. Hamishia mililita 50 kwenye chupa ndogo ya kila siku, ijaze hadi shingoni, na ile kubwa ifunge kizibo sawasawa uiweke kabatini penye giza, mbali na bafu na dirisha. Rafu ya mlango wa jokofu nayo inafaa, na odikoloni iliyopoa ni raha peke yake siku ya joto.

Nani hasa inamfaa? Hukumu ya kawaida ni kwamba odikoloni ya malimau ni ya mtu mpole, msafi, asiyependa makuu. Usafi nakubali. Upole siukubali sana: Napoleon alijulikana kwa kuitumia odikoloni kwa wingi mno, na sidhani kuna aliyemwita mpole. Ninachokiona kwa wanaoipenda kweli ni jambo jingine: wanajipaka kwa ajili yao wenyewe. Harufu inayokwisha kabla mkutano haujaanza haiwezi kuwa ya kuwavutia wajumbe. Mtu huyu anataka ile nusu saa ya kuamka vizuri, akishaipata anaendelea na kazi zake, na ukikaa naye utakumbuka aliyoyasema. Ni mtu wa utaratibu pia, kwa sababu odikoloni inadai kurudiwa. Kuna chupa ndogo kwenye mkoba wake, na anajua saa ya kuitoa. Mara nyingi ni mwenye kuwafikiria wenzake. Kwenye lifti, kwenye basi lililojaa, kwenye wodi ya wagonjwa, yeye hamlazimishi mtu kuvuta harufu yake. Uanaume na uanamke havina nafasi hapa. Tangu mwanzo maji haya yalipakwa na wote.

Anayependa kusifiwa manukato yake hataipenda, na hana kosa. Kuingia mahali harufu ikatangulia ni furaha halali, ila itafutwe kwenye udi, ambari na vanila.

Kama unaupenda mwelekeo huu lakini unataka zaidi kidogo, yapo mapendekezo matatu. Farina ya 1709 ni kavu na ina bergamoti na neroli zilizokolea kuliko 4711, ingawa nayo haikai sana. Colonia ya Acqua di Parma, iliyoanza mwaka 1916, ina limau tamu na mbao chini yake. Kwangu hudumu kwa muda wa saa 3 au 4, na inamfaa mtu anayevaa suti akitaka kubaki mwepesi. Eau Sauvage ya Dior, kazi ya Edmond Roudnitska ya mwaka 1966, ndiyo iliyolitatua tatizo kwa akili zaidi: ndani yake mna hedioni, molekuli yenye harufu ya asumini iliyojaa hewa, ambayo hulibeba limau bila kulizika. Huyo mvaaji wa Eau Sauvage ni yuleyule wa 4711 akiwa ameamua kwamba leo anataka kusikika mezani.

Unaweza pia kuipaka 4711 chini ya manukato mazito, mradi usiziweke mahali pamoja. Odikoloni iende mikononi na kisogoni, kile kizito kifuani chini ya nguo. Dakika za mwanzo utanukia malimau, kisha kizito kitachomoza taratibu. Vetiva, harufu ya mizizi ya nyasi, inaelewana nayo vizuri sana. Vanila haielewani nayo hata kidogo.

Kwa anayeanza, nunua chupa ndogo ya kumimina. Ile ya kupuliza hutoa kidogo mno kwa mara moja, na utaishia kubonyeza mara 10 ili upate kile ambacho kiganja kimoja kingetoa. Ipake kama nilivyoeleza kwa wiki moja, asubuhi na baada ya kuoga jioni, ndipo uamue kama unaitaka ile kubwa.