Akademi ya riadha ya watoto, miezi mitatu: nyota 3 kati ya 5

Binti yangu ana miaka 10, anaenda akademi ya riadha Jumatano na Jumamosi. Naandika kwa vile kila nikitaja wazazi wenzangu wananiuliza vipi huko. Jina silitaji.

Kwanza tulifikaje. Ilipokuja sera mpya ya michezo ikasemwa vipaji vilelewe kwenye akademi na klabu, basi shule yetu nayo ikaona imetuliwa mzigo, mwalimu wa michezo akajazwa vipindi vya hesabu, kipindi cha michezo kikabaki kwenye ratiba ukutani tu. Asiyeenda akademi ndo hivyo, hakimbii.

Haya, kocha kazi anaijua, nisiwe mnafiki. Robo saa ya mwanzo ni kukimbizana na kurukaruka, watoto wanapasha mwili huku wakidhani wanacheza. Kuna siku binti kalalamika goti, pamevimba chini kidogo ya kikombe, nikajua ataambiwa avumilie kama sisi enzi zetu. Wapi, kocha akamtoa palepale, akanieleza kwamba mtoto akirefuka haraka misuli inabaki nyuma ya mfupa, kano inavuta pale iliposhika, ukimlazimisha unamuumiza zaidi, mpeleke kwa daktari kwanza. Alivyorudi, kwa wiki mbili hakumruhusu kuruka. Hapo nyota zote.

Sasa shida. Siku ya kwanza walipimwa mita 60, kuruka chini na kurusha mpira, jioni hiyohiyo wakagawanywa kundi A na kundi B. A wana kocha mkuu, B wana msaidizi ambaye nusu ya muda yuko kwenye simu na watoto wanaokota mipira. Wangu yuko B. Mimi kwa umbea wangu nikawauliza wazazi wa A kwenye grupu la WhatsApp watoto wao wamezaliwa lini, karibu wote ni kati ya Januari na Aprili! Wangu wa Novemba. Kwenye fomu wote wana mwaka mmoja wa kuzaliwa lakini wa Januari kamtangulia kama miezi kumi, na kwa umri huo miezi kumi ni kimo na nguvu, sio kipaji. Nilimwambia kocha akacheka, eti hajawahi kuangalia.

Norway wana kanuni za haki za watoto michezoni toka 1987, mtoto haendi ubingwa wa taifa mpaka afikie miaka 13, na Olimpiki ya baridi ya 2022 wamebeba dhahabu 16, hakuna nchi iliyowafikia. Sisi tunachuja wa miaka 10 kwa siku moja, tunakimbilia wapi jamani?

Halafu hesabu. WHO wanasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, kwa wiki ni 420. Akademi inampa 90 mara mbili, yaani 180, tena hizo ni za kundi A, za B toa za kuokota mipira. Zilizobaki, shule ndo ilikuwa inazijaza kiasi, na shule ilimchukua hata yule mzito asiyekimbia kabisa, bila kumpima.

Ada ya muhula ujao nimelipa, anapapenda. Ila nimemwandikia mwalimu mkuu kipindi cha michezo kirudi, hii wiki ya tatu hajajibu.