Baiskeli za umeme za bei nafuu Ilala: duka la kawaida, ila fundi ni moto

Nianze na jibu ili asiye na muda aende zake: baiskeli za umeme wanazouza hawa jamaa wa Ilala ni zilezile za kichina unazozikuta Kariakoo nzima, hazina maajabu yoyote, na bei yao iko juu kidogo kuliko ukienda kubembeleza mwenyewe mitaa ya Msimbazi. Hata hivyo mtu akiniuliza leo akanunue wapi namtuma kwao, kwasababu ya gereji iliyoko nyuma ya duka. Baiskeli ya umeme ya milioni moja na kitu ukishatoka nayo getini shida zinaanza, na mjini hapa wauzaji ni wengi sana ila anaejua kuifungua na kuifunga tena unamtafuta kwa tochi.

Duka lenyewe ni fremu mbili upande wa Ilala, sio mbali sana na Karume, halina kibao, kuna baiskeli zimepangwa nje na mwamvuli wa kampuni ya simu. Ukiuliza "kwa mafundi wa baiskeli za umeme" hata mama ntilie wa pale atakuonyesha.

Mzigo wao uko wa aina tatu. Kuna mpya za mchina za volti 36 zenye betri ya lithiamu ya ampea-saa 10, mota ya wati 250 au 350 iko kwenye ringi ya nyuma, hizi walinitajia milioni moja na laki tatu tukavutana mpaka moja na laki moja na nusu. Kuna za volti 48 zenye tairi pana na siti ndefu kama ya pikipiki, za betri za asidi, hizi ndo bei rahisi kuliko zote na ndo zinazovutia macho. Alafu kuna mtumba wa Japani, zile za kimama zenye kikapu mbele na fremu ya chini, unapanda hata na dera na cheni yote imefunikwa, mimi kama dada wa kuvaa sketi kazini hiyo ndo iliniita mpaka nikaingia ndani.

Nilichukua ya volti 36. Ntaeleza kwanini sikuchukua ya mjapani, maana nilikuwa nimeshaanza kuihesabia hela.

Hesabu kwanza. Volti 36 zidisha ampea-saa 10 unapata wati-saa 360, yani kama theluthi ya unit moja ya LUKU na kidogo, weka na upotevu wa chaja sema 0.4. Kwa sie tunaokatwa unit kwa 356 hiyo ni kama mia na hamsini kujaza betri nzima. Ukiwa kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo wasiozidi unit 75 kwa mwezi inakuja kama hamsini tu. Mimi natoka Tabata naenda Kijitonyama, daladala mbili kwenda mbili kurudi, kila moja mia sita, hesabu mwenyewe. Muuzaji atakwambia betri inaenda kilomita 60, usimsikilize, hiyo ni ya mtu mwepesi anapiga pedali muda wote kwenye lami tambarare bila upepo. Ukiwa na mkoba, na kile kipandio ukitoka bonde la Msimbazi kupanda Kigogo, ukawa unavuta trotoli (ile gesi ya mkononi) bila kukanyaga pedali, weka akilini 25 mpaka 30. Ukikanyaga kanyaga kidogo inafika 35 na bado inabaki. Kwangu inatosha kwenda na kurudi bila kuchomeka chaja ofisini, maana mambo ya kuombana soketi na mtu wa utawala sitaki.

Sasa mjapani. Kwa utengenezaji hakuna cha kuzilinganisha nazo, Yamaha walianza kuuza baiskeli ya kusaidiwa na mota toka 1993 na ukikanyaga pedali unasikia kabisa kuna mtu anakusukuma mgongoni. Hazina trotoli, lazima ukanyage, na sheria ya kwao inataka mota ipunguze msaada taratibu mpaka ikifika spidi 24 iache kabisa, kwahiyo wale wa kutaka kukimbizana na bodaboda hii haiwafai. Tatizo haliko kwenye baiskeli liko kwenye betri na chaja. Nyingi zinashuka kwenye kontena bila chaja, nyingine bila betri kabisa, na ukibahatika ukapata chaja basi igeuze usome nyuma, imeandikwa AC100V. Umeme wetu ni 230. Jirani yangu alinunua ya kwake sehemu nyingine huko, akafika nyumbani akachomeka moja kwa moja, ikalia paa, moshi, kwaheri chaja, na muuzaji akamwambia hakuna kurudisha. Hapa Ilala angalau hawakuuzii chaja ya Japani bila transfoma ya kushusha umeme, na wameandika kwa maka pen nyekundu kwenye kila boksi 100V TU. Kitu kidogo ila kinaokoa watu.

Alafu betri yenyewe ya mjapani inaongea na mota kwa waya wa data, huwezi tu kuchukua betri yoyote ya volti hizohizo ukabandika ikawaka. Ikifa inabidi utafute ya aina ileile, ambayo nayo itakuwa mtumba. Fundi aliniambia wazi, "Dada hii ni baiskeli nzuri kuliko zote humu ndani, ila betri ikizingua mwakani sina pa kukupeleka." Alinionyesha na namna ya kupima, nyingi ukibonyeza kitufe cha betri ukakishikilia muda mrefu taa zinaonyesha uzima uliobaki wa betri badala ya chaji, na ile niliyoipenda mimi iliwaka taa mbili tu. Nikaiacha inaniangalia. Muuzaji wa mbele alinuna kidogo maana alikuwa ameshatoa kitabu cha risiti.

Na hapo ndo nifike kwa huyu fundi mwenyewe, ni mzee wa makamo, kazi ya redio na UPS ndo aliyoanza nayo, wote pale wanamwita mzee. Kabla hujalipa anafungua kasha la betri mbele yako. Betri ya volti 36 ndani ina mafungu kumi ya seli yameunganishwa mfululizo, na kila fungu likijaa linatakiwa lisome kwenye 4.1 mpaka 4.2, jumla 42. Anaweka mita fungu moja moja na wewe unasoma, anakwambia usiniamini mimi soma mwenyewe. Betri ya kwanza waliyonitolea ilikuwa na mafungu tisa yanasoma 4.1 na moja 3.6. Mtu wa kawaida usingejua kitu, taa ya betri ilikuwa kijani imejaa. Akaeleza kwamba ukitembea lile fungu dhaifu ndo litawahi kufika chini, na ile saketi ya ulinzi ikiona hivyo inakata umeme wote, yani unazimikiwa katikati ya barabara huku betri inaonyesha nusu. Akairudisha stoo akatoa nyingine, hiyo ikasoma vizuri kumi zote. Nimenunua friji, simu, pasi, sijawahi kuuziwa kitu kwa namna hiyo nchi hii.

Kingine alichonisisitizia mpaka nikaona kero, ila yuko sahihi, ni chaja. Chaja ya volti 48 ya betri za asidi, ya 48 ya lithiamu na ya 36 nyingine zina plagi zinazofanana kabisa. Ya lithiamu 36 inatoa 42, ya lithiamu 48 inatoa 54.6, na ya asidi 48 inapanda mpaka 58 na zaidi. Ukikosea ukaiweka hiyo kwenye betri ndogo ya lithiamu unategemea saketi ya ulinzi peke yake isimame kati yako na moto. Kwahiyo chaja ikifa usiende kununua "ya kufanana" mtaani, nenda na betri yako au piga picha maandishi ya nyuma. Na usichaji muda huohuo umetoka kwenye jua la saa nane betri ikiwa ya moto, iache ipoe, na usiku usiichaji kwenye korido ya kutokea mlangoni.

Za betri za asidi kwa kweli sizipendekezi ingawa ndo wanaziuza sana. Betri nne za volti 12 ni kama kilo 16 mpaka 17 hivi, ukizimikiwa njiani hiyo baiskeli hupigi pedali, unasukuma. Na betri ya asidi ukiiacha imeisha chaji wiki mbili tatu inaharibika yenyewe bila kutembea. Wanaobeba mizigo ya dukani kwa umbali mfupi na kuchaji kila siku sawa, watu wa matumizi ya kawaida ongezeni hela.

Service sasa. Pancha ya gurudumu la nyuma ndo kilio cha kila mwenye baiskeli ya mota, mafundi wa kawaida wa chini ya mwembe wakiona ule waya mnene unaotoka kwenye ekseli wanakuogopa, mwingine anakwambia lete laki utengenezewe. Hapa wanaziba kwa buku mbili na kwanza wanakufundisha: waya una soketi yake ya kuchomoa karibu na fremu, kuna mshale kwenye soketi lazima ukutane na mshale mwenzake ukirudisha, alafu zile washa (viringi vya chuma vya kwenye ekseli) zenye jino zirudi upande uleule zilikotoka, bila hivyo siku ukivuta trotoli ekseli inazunguka kwenye fremu na kukata waya. Walinifundisha bure wakati nasubiri, na kijana mmoja pale akanifanya nirudie mwenyewe mpaka nikaweza. Spoksi za nyuma nazo zinakatika sana kwasababu mota ni nzito na barabara zetu mnazijua, wao wanafunga nene kuliko zilizokuja nazo, nilibadilishiwa zote na kunyooshewa ringi kwa elfu ishirini na tano na toka hapo kimya.

Ndani ya mota zenyewe kuna gia za plastiki ngumu, hizo zinakwisha, dalili yake ni mlio wa kukwaruza ukianza kuondoka. Wanazo stoo. Kontrola (kile kiboksi kinachoongoza umeme wa mota) pia wanazo, za volti 36. Niliuliza za 48 wakasema mpaka kontena lije.

Sasa lawama, maana zipo na sio chache. Ahadi za muda usizichukulie kwa uzito, ukiambiwa "njoo kesho saa nne" elewa keshokutwa jioni. Hawana baiskeli ya kukuazima wakati yako iko kwao. WhatsApp wanajibu kwa voisi ndefu baada ya siku nzima na nusu ya voisi ni kelele za grenda. Risiti ya EFD ilibidi niidai mara mbili, na bila risiti hiyo gerenti yao hamna kitu, na hata ukiwa nayo ni miezi sita kwa betri na mota, na maji yakiingia wanakwambia haihusiki. Kwa jiji ambalo Jangwani inajaa kila masika nadhani hiyo gerenti wangeitafakari upya. Nikamuuliza yule kaka wa mbele, sasa mvua ikinikuta njiani nifanyeje, akacheka, "Sista simama kwenye banda." Mzee ndo alienisaidia kwa maana, akapaka silikoni kwenye tundu la waya wa kontrola na kugeuza waya uingie kwa chini ili maji yadondoke badala ya kufuata waya ndani, akasema mvua haina neno ila usipite kwenye maji yanayofika ekseli. Hakunitoza. Nimepigwa na mvua za kutosha na bado inawaka.

Breki ilizokuja nazo baiskeli ni mbovu, sema ukweli, za mpira wa kawaida na baiskeli ina kilo ishirini na kitu. Kabla hujatoka waambie wabadilishe zile pedi, ni elfu sita, na wahakikishe ukishika breki mota inakata hapohapo, ya kwangu ya kushoto ilikuwa haikati mpaka nikawaambia.

Barabarani sina mengi. Zile njia za baiskeli pembeni ya mwendokasi Morogoro Road zingekuwa raha kama bodaboda na wauza mahindi wasingezigeuza zao. Honi iliyokuja nayo haisikiki, nunua nyingine.

Wanaouliza mkopo, hawana, ila ukilipa nusu wanakuwekea hadi mwezi. Nenda asubuhi kabla ya saa tano ndo utamkuta mzee hana foleni, dai akufungulie betri mbele yako hata kama yule wa mbele anakuharakisha, na Ijumaa mchana usijisumbue, mzee yuko msikitini na vijana bila yeye betri hawagusi.